Unga Mwekundu Darasani: Sifa za Rangi ya Azo na Namna ya Kuitumia

Katika mojawapo ya vipindi vya mazoezi ya kufundisha tulimtembelea mwanachuo wetu aliyekuwa akifundisha Darasa la Pili. Tulimkuta amejitahidi kwa kila namna. Hakuwa na rangi za maji wala kalamu za rangi za kuwatosha watoto 58. Kwa hiyo alikwenda kwa fundi rangi wa jirani, akapewa unga mwekundu uliofungwa katika kipande cha gazeti, akaukoroga katika uji mwepesi wa muhogo, na watoto wakachora majogoo kwa vidole. Picha zilipendeza mno. Kengele ya mapumziko ilipolia, watoto walitoka mbio kwenda kunywa uji, viganja vyao vikiwa vyekundu hadi kwenye vifundo.

Mwalimu Mkuu, mama mtu mzima aliyekwisha kufundisha miaka mingi, aliwazuia mlangoni, akaagiza yaletwe maji na sabuni. Walipokwisha kunawa, alimgeukia mwanachuo wetu, akamwuliza kwa upole: "Mwalimu, unga huu ni kitu gani?" Mwanachuo alijibu kwamba ni rangi nyekundu. "Wekundu nauona," akasema Mwalimu Mkuu. "Nauliza, ni kitu gani?"

Hapakuwa na aliyeweza kujibu, si mwanachuo, wala sisi tuliokwenda kumwangalia akifundisha. Fundi naye alipoulizwa alasiri ile, alisema mfuko wenyewe ulikwisha kutupwa. Hakuna mtoto aliyeugua siku ile, lakini hatukuweza kuwaambia wazazi kwa uhakika kwamba watoto wao hawakugusa kitu cha kudhuru. Jambo hilo lilitusumbua kwa muda mrefu.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu mtarajiwa aweze kulijibu swali la Mwalimu Mkuu. Tutaeleza kwa kirefu aina moja ya rangi nyekundu inayotengenezwa viwandani, yaani pigmenti ya azo. Tutaonyesha sifa zake, tutailinganisha na nyekundu nyingine zinazofanana nayo kwa macho, kisha tutaeleza namna ya kuishika na namna ya kuitumia kufundishia.

Rangi ya kuyeyuka na rangi ya chembe

Katika lugha yetu neno "rangi" hutumika kwa vitu viwili ambavyo kikemia havifanani. Mama anayesuka mikeka hununua rangi ya ukindu, akaitia katika maji yanayochemka. Rangi ile huyeyuka kabisa, maji yakawa mekundu lakini maangavu, na ukindu ukitumbukizwa humo, rangi huingia ndani ya nyuzi zake. Seremala naye, anapopiga mstari kwa ngeu, hutumia udongo mwekundu. Udongo ule hauyeyuki. Chembe zake hukaa juu ya ubao, na ukizipangusa kwa kidole hutoka.

Rangi ya kwanza tutaiita rangi ya kuyeyuka. Ya pili ni rangi ya chembe, na ndiyo ambayo wataalamu huiita pigmenti. Kutokana na tofauti hiyo moja, mambo mengi ya kazi yetu hufuata. Kwa kuwa pigmenti haiingii ndani ya karatasi wala mbao, inahitaji kitu cha kuishikilia. Katika rangi ya mafuta hushikiliwa na mafuta yanayokauka na kuwa utando mgumu; katika rangi za shule hushikiliwa na gundi au wanga uliopikwa; katika kalamu za nta hushikiliwa na nta yenyewe. Bango la mwalimu likichafua shati la kila mtoto anayepita karibu nalo, yamkini gundi ilikuwa haba.

Azo ni nini?

Kundi kubwa kuliko yote la pigmenti zinazotokana na kaboni ni lile la azo. Jina hilo linatokana na neno la Kifaransa la gesi ya nitrojeni, ambalo asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni "bila uhai", kwa kuwa mnyama akifungiwa ndani ya gesi hiyo peke yake hufa. Katika kila rangi ya azo zimo atomu mbili za nitrojeni zilizoungana, na kwa kawaida kila moja imeshikana na pete ya atomu za kaboni upande wake. Mlango wa kemia hii ulifunguliwa mwaka 1858 na Mjerumani Peter Griess, ambaye baadaye alifanya kazi ya ukemia katika kiwanda cha bia nchini Uingereza huku akiendelea na utafiti wake wa rangi.

Tutwae mfano mmoja unaotumika sana katika rangi za vibao, mitambo na magari ya kazi, nao ni nyekundu ya toluidini. Katika fahirisi ya rangi ya kimataifa imepewa jina la Pigment Red 3, kwa ufupi PR3, na namba 12120. Molekuli yake moja ina atomu 17 za kaboni, 13 za hidrojeni, 3 za nitrojeni na 3 za oksijeni. Yafaa mwalimu azingatie kwamba katika orodha hiyo hamna risasi, zebaki, wala metali yoyote.

Kiwandani hutengenezwa kwa hatua mbili. Kwanza, kemikali mojawapo ya jamii ya toluidini huyeyushwa katika asidi na kuchanganywa na nitraiti ya sodiamu, mchanganyiko ukidumishwa katika ubaridi wa karibu na barafu, yapata nyuzi 0 hadi 5 za Selsiasi. Pili, mchanganyiko huo hukutanishwa na kemikali iitwayo naftoli. Mara moja wekundu hutokea, nao hujitenga na maji katika chembe ndogo sana, ambazo huchujwa, huoshwa, hukaushwa na kusagwa. Kazi hii si ya shuleni hata kidogo, maana kemikali inayopatikana katika hatua ya kwanza, ikiachwa ikauke, huweza kulipuka.

Je, kwa nini unga huu ni mwekundu? Nuru ya jua ni mchanganyiko wa rangi nyingi. Muungano wa nitrojeni na pete zile za kaboni hufyonza sehemu ya buluu na ya kijani ya nuru hiyo, na sehemu nyekundu hurudishwa kwenye macho yetu. Muungano huo ukivunjika, wekundu nao hutoweka. Tutaliona jambo hili tutakapozungumzia jua.

Sifa nne zinazomhusu mwalimu

Sifa ya kwanza ni kutopatana na maji. Mwalimu akinyunyiza unga huu juu ya maji katika bilauri, sehemu kubwa yake huelea kama vumbi juu ya dimbwi, ingawa kila chembe ni nzito kidogo kuliko maji. Sababu ni kwamba maji hayaushiki. Matone machache ya sabuni ya maji huondoa ukaidi huo, na unga hulowa. Hata hivyo, kulowa si kuyeyuka. Ukiuacha mchanganyiko utulie, chembe hushuka chini polepole, na ndiyo maana rangi ya kopo hukorogwa kabla ya kutumiwa.

Sifa ya pili ni kwamba huyeyuka kidogo katika mafuta na zaidi katika baadhi ya thina. Hapa ndipo mafundi wengi hupata hasara. Kibao cha shule kilichopakwa nyekundu ya toluidini kikipakwa rangi nyeupe juu yake, baada ya muda nyeupe ile huanza kugeuka ya waridi. Fundi husema rangi nyeupe ni mbovu, lakini kosa si la nyeupe. Thina iliyomo katika nyeupe imeyeyusha sehemu ndogo ya nyekundu iliyo chini na kuipandisha juu. Nyekundu ya udongo, ambayo ni oksidi ya chuma, haina tabia hiyo.

Sifa ya tatu inahusu jua. Wataalamu hupima ustahimilivu wa rangi katika jua kwa kipimo cha daraja 1 hadi 8, na daraja la 8 ndilo la kustahimili zaidi. Nyekundu ya toluidini ikipakwa nzito bila kuchanganywa na nyeupe, hupata daraja la juu. Ikichanganywa na nyeupe nyingi ili kupata rangi ya waridi, hufifia upesi zaidi, kwa sababu chembe nyekundu zimetawanyika na kila moja imeachwa peke yake mbele ya jua, ambalo huvunja muungano tuliouzungumzia. Kwa hiyo mwalimu anayechora ramani ukutani mahali panapopigwa na jua asitegemee waridi ya azo. Na atumie oksidi ya chuma, japo wekundu wake ni wa kufifia kidogo kama wa tofali.

Sifa ya nne ni kwamba huungua. Unga huu una kaboni, kwa hiyo ukitiwa motoni hubadilika kuwa mweusi na kutoa moshi wenye gesi za kudhuru. Hali kadhalika, vumbi lake likitanda hewani kwa wingi huweza kushika moto, kama ilivyo kwa vumbi la unga wa mahindi kwenye kinu cha mashine. Lisipuliziwe wala kukung'utwa karibu na jiko, mshumaa au sigara.

Wekundu si jina

Sasa tumefika mahali penye hatari. Juu ya meza moja huweza kuwekwa marundo manne ya unga mwekundu, na jicho la mwalimu lisiweze kuyatofautisha kwa uhakika. Rundo la kwanza ni la azo. La pili ni oksidi ya chuma, ambayo ndiyo inayoupa udongo wa sehemu nyingi za nchi zetu wekundu wake. La tatu ni oksidi nyekundu ya risasi, ambayo kwa muda mrefu ilipakwa juu ya chuma ili kuzuia kutu. La nne ni zingefuri, kampaundi ya zebaki na salfa, ambayo siku hizi ni adimu. Zaidi ya hayo, zipo nyekundu za njano na machungwa zenye kromiamu na risasi, nazo huweza kuchanganywa na azo katika rangi moja.

Risasi ndiyo inayotutia hofu zaidi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa ni salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Risasi hudhuru ubongo unaokua, nayo hufanya hivyo polepole bila homa wala kutapika, hata mwalimu akamdhania mtoto kuwa ni mzito wa kuelewa kwa asili yake. Ndiyo maana Umoja wa Mataifa, kwa kupitia shirika lake la mazingira, unapendekeza sheria ya kutozidisha sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni za rangi.

Je, mwalimu anaweza kuutambua unga wenye risasi? Uzito hutoa dalili. Sentimita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa gramu 1. Nyekundu ya toluidini, ikiwa imeshindiliwa bila hewa, huwa baina ya gramu 1.3 na 1.5, oksidi ya chuma yapata gramu 5, na oksidi nyekundu ya risasi huzidi gramu 8. Kwa hiyo kopo dogo la unga mwekundu likilemea mkono kuliko inavyotazamiwa, liwekwe kando mara moja. Lakini tunasisitiza kwamba kinyume chake hakithibitishi usalama. Unga mwepesi huweza kuwa mchanganyiko wenye risasi kiasi, na mkono haupimi sehemu 90 katika milioni. Dalili ya uzito hutuwezesha kukataa tu, haituruhusu kukubali.

Njia iliyo ya hakika ni kusoma lebo. Namba za fahirisi hazibadiliki hata jina la biashara likibadilika, na mwanachuo ajifunze hizi chache:

PR3 ni nyekundu ya toluidini, ya azo.
PR57:1 ni nyekundu nyingine ya azo, ambayo hutumika sana katika wino wa kuchapia vitabu na magazeti.
PR101 ni oksidi ya chuma ya kiwandani, na PR102 ni ile ya udongo wa asili.
PR104 ina kromiamu na risasi. Isiingie shuleni.
PR105 ni oksidi nyekundu ya risasi. Isiingie shuleni.
PR106 ni zingefuri, yenye zebaki. Isiingie shuleni.

Unga usio na lebo uhesabiwe kuwa ni wa kundi hilo la mwisho, hata kama umetolewa bure na mtu mwema.

Azo na afya

Mwanachuo mmoja alipata kutuuliza: ikiwa azo haina risasi, basi si salama? Jibu linahitaji uangalifu. Mwaka 1993 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilichapisha tathmini yake juu ya Pigment Red 3, likaiweka katika kundi la 3, yaani la vitu ambavyo ushahidi uliopo hautoshi kuviamulia kuwa vinasababisha saratani kwa binadamu au la. Kundi hilo si cheti cha usalama. Maana yake ni kwamba mwenye busara hupunguza kuvuta vumbi lake na kulimeza.

Aidha, azo za viwandani hazina nafasi katika chakula. Nyekundu ya toluidini ina ndugu yake wa karibu aitwaye Sudan I. Molekuli zao zina umbo moja la msingi, ila toluidini ina vikundi viwili vya atomu zaidi, ambavyo husaidia kuifanya iwe ngumu kuyeyuka. Sudan I huyeyuka vema katika mafuta, na kazi yake ni kutia rangi nta na mafuta ya viwandani. Wafanyabiashara wengine waliitia katika pilipili ya unga ili ionekane nyekundu zaidi. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya uliagiza pilipili zichunguzwe, na mwaka 2005 nchini Uingereza mamia ya bidhaa za chakula ziliondolewa madukani kwa sababu ya mchuzi mmoja uliokuwa na pilipili ya namna hiyo. Waliokula hawakuona tofauti yoyote, kwa kuwa jicho lilipendezwa na wekundu.

Hapa pana funzo kwa shule. Kopo la rangi likihifadhiwa stoo pamoja na unga wa uji, au rangi ikitiwa katika chupa ya soda, yule asiyejua kusoma ndiye atakayekuwa wa kwanza kukosea.

Namna ya kuushika unga huu

Msimamo wetu ni kwamba pigmenti ya azo katika hali ya unga ni ya mwalimu, kwa ajili ya kutengenezea zana na vibao. Watoto wa shule ya msingi watumie rangi zilizokwisha kutengenezwa kwa ajili ya watoto, au rangi ya udongo tutakayoieleza. Mwalimu naye afuate taratibu hizi:

1. Afanye kazi mahali penye hewa lakini pasipo upepo, watoto wakiwa hawapo, naye asile wala kunywa papo hapo.

2. Atandaze gazeti lililoloweshwa kidogo juu ya meza, ili unga unaomwagika unaswe.

3. Alete maji kwenye unga, wala asilete unga kwenye maji. Yaani, ateke unga kwa kijiko kirefu taratibu, auweke katika kibakuli, adondoshe maji machache yenye sabuni, na kuukanda kwa ubapa wa kisu hadi uwe kama ugali laini. Unga ukishalowa, vumbi limekwisha.

4. Ndipo aongeze gundi au wanga uliopikwa, kidogo kidogo, hadi upatikane uzito autakao. Apake mstari mmoja kwenye karatasi, aungoje ukauke, kisha aupanguse kwa kidole. Ukichafua kidole, aongeze gundi.

5. Unga ukimwagika, afute kwa kitambaa kibichi. Asifagie pakavu wala asipulize kwa mdomo. Kitambaa puani husaidia kiasi, lakini kuzuia vumbi lisiruke ni bora kuliko kulichuja likiwa hewani.

6. Ukiangukia nguo, asiusugue kwa maji mara moja, kwa kuwa chembe zitasukumwa ndani ya uzi. Aunase kwanza kwa ubapa wa kitambaa chenye unyevu, bila kusugua, kisha afue kwa sabuni peke yake, mbali na nguo nyingine.

7. Masalio yasimwagwe kisimani, mtoni wala bustanini. Yaachwe yakauke ndani ya kopo lake, yafungwe, na kutupwa mbali na mahali wachezapo watoto.

8. Anawe mikono kwa sabuni pamoja na kucha, na vyombo vilivyotumika visirudi jikoni kamwe.

Rangi ya watoto

Kwa watoto, udongo mwekundu ni hazina iliyo karibu, mradi uchukuliwe mahali safi, mbali na vyoo, gereji, majalala na machimbo ya madini. Mwalimu autie katika ndoo ya maji, aukoroge, na kuungoja kwa dakika moja ili mchanga na changarawe vizame. Maji yenye tope ayamimine katika chombo kingine na kuyaacha hadi kesho yake. Tope laini lililotua chini ndilo rangi. Alianike, kisha alikaange kwa moto juu ya bati au kikaango kisichotumika tena kupikia. Moto huua vijidudu, na zaidi ya hayo, udongo wa manjano hugeuka mwekundu, kwa kuwa joto hufukuza maji yaliyoshikana na oksidi ya chuma iliyomo. Ukipoa, aulowanishe kwanza, ndipo auchanganye na wanga wa muhogo uliopikwa. Wekundu wake hauwaki kama wa azo, lakini mwalimu anajua ulikotoka.

Somo la mfano: Kinachoyeyuka na kisichoyeyuka

Sifa tulizozieleza zafaa kufundishiwa sayansi katika madarasa ya kati. Lengo la somo liwe kwamba mwanafunzi aweze kutofautisha kitu kilichoyeyuka na kitu kilichotawanyika tu, kwa kutumia ushahidi alioupata mwenyewe.

Kila kikundi kipewe bilauri mbili. Katika ya kwanza watie maji ya maua makavu ya choya yaliyochemshwa na kupozwa. Katika ya pili maji yenye tope la udongo mwekundu. Wazitazame kwenye mwanga wa dirisha na kueleza wanachokiona. Kisha wachuje kila moja kwa kitambaa kizito cha pamba kilichokunjwa mara nne. Wekundu wa choya utapita, na sehemu kubwa ya wekundu wa udongo itabaki kwenye kitambaa. Mwishowe waache bilauri zitulie hadi kipindi kinachofuata na kutabiri kitakachotokea. Mwalimu asitangulie kuwapa majibu. Akiwapa, watakuwa wametazama maji mekundu tu.

Hatua ya pili ifanywe na mwalimu peke yake. Atayarishe nyumbani chupa ndogo angavu yenye maji nusu, mafuta ya kula robo, na chembe za pigmenti ya azo zitoshazo ncha ya kisu. Aifunge, aizungushie gundi kifunikoni ili isifunguke, na kuibandika lebo. Darasani aitikise, kisha aiweke mezani. Mafuta yatapanda juu, na kwa kawaida wekundu utafuatana nayo, maji yakibaki karibu bila rangi. Hapo awaulize: "Unga huu unapatana na nani?" Watoto wataeleza kwa maneno yao wenyewe yale tuliyoyaeleza hapo juu kuhusu sifa ya kwanza na ya pili.

Hatua ya tatu huchukua muda mrefu. Mwalimu apake kadi mbili, moja nyekundu nzito na moja ya waridi, afunike nusu ya kila kadi kwa karatasi nene, na kuzitundika dirishani penye jua. Watoto waandike tarehe. Kila mwisho wa mwezi wafunue na kulinganisha. Darasa litajifunza kungoja na kuweka kumbukumbu, mambo ambayo ni nusu ya sayansi.

Hitimisho

Hatukuandika haya ili kuwatisha wanachuo wakaacha kutumia rangi. Darasa lisilo na rangi ni kavu, na mwanachuo tuliyeanza naye alistahili sifa kwa kujitahidi asiache watoto mikono mitupu. Alichokosa ni jina la kitu alichokishika, na sisi wakufunzi ndio tuliopaswa kumfundisha kuliuliza.

Tulipomtembelea mara ya pili, wiki kadhaa baadaye, tulikuta juu ya rafu ya darasa lake makopo matatu yenye vifuniko. Kila moja lilikuwa na lebo iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Katika kopo la kwanza tulisoma: "Udongo mwekundu, umechimbwa nyuma ya shamba la shule, umekaangwa." Chini yake palikuwa na tarehe, na chini ya tarehe maneno mawili, "Si chakula." Mwalimu Mkuu alipita, akalichukua kopo, akalisoma, na kulirudisha mahali pake bila kuuliza kitu.